Baba Hakusafiri

Kila asubuhi, kabla mama yake hajakaa kwenye cherehani, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa ameshamaliza kazi zake zote. Alikuwa amefagia sebule, ameokota pini na vipande vya uzi chini ya meza ya kukatia nguo, amefua soksi na kuzianika. Sare yake aliipiga pasi mpaka nzi angeogopa kutua juu yake. Shuleni walimwita Sajenti. Alikuwa kiranja wa darasa, na jina hilo hakupewa bure. Akisema "kimya", hata mwenye kikohozi alikimeza.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, mwenye kuimba akiosha vyombo na kucheka hata kabla hadithi haijafika mwisho. Siku hizi aliosha vyombo huku amebana midomo, utadhani amemshikia mama yake pini mdomoni. Mama aliona, akajiambia kwamba mtoto anakua. Mama naye, kusema kweli, alikuwa na mengi ambayo hakutaka kuyaona.

Asubuhi moja alitumwa dukani kununua uzi mweusi. Muuza duka alikuwa mtu asiyeweza kulala na swali tumboni.

"Mzee hajarudi tu?" aliuliza.

"Amesafiri kikazi," alijibu Sajenti.

"Safari gani hiyo, hata simu hapigi? Na fundi rangi gani anasafiri kikazi akaacha ngazi na brashi zake nyumbani?"

"Amesafiri kikazi," alirudia Sajenti. Alichukua uzi, akaondoka haraka.

Alijua vizuri kwamba baba hakusafiri. Alichungulia dirishani siku ile baba mkubwa na baba mdogo walipomshika baba mikono na kumwingiza garini, huku yeye akibishana na mtu ambaye hakuna aliyemwona. Kwa wiki nyingi kabla ya hapo baba alikuwa akikaa kizingitini, anasema peke yake kwa sauti ya chini bila kupumzika, mpaka chakula kinapoa pembeni yake. Gari lilipoondoka, mama aliingia ndani, akafuta macho kwa kitambaa alichokuwa akikishona. "Baba amesafiri kikazi," alisema. "Ukiulizwa, sema hivyo." Sajenti aliitikia. Tangu siku hiyo hawakulizungumza tena jambo lile, na nyumba ilibaki na mlio wa cherehani tu.

Darasani kulikuwa na msichana mwingine waliyemwita Kikokotoo, kwa kuwa hakuna aliyemfikia kwa hesabu. Alikuwa na tabia moja. Hakuweza kukokotoa bila kujisemea. "Saba mara nane hamsini na sita, andika sita, beba tano," basi midomo haitulii mpaka jibu lipatikane. Wenzake walishamzoea, na wengine walitega sikio ili waibe jibu. Sajenti peke yake ndiye aliyeshindwa kumzoea. Akiusikia ule mnong'ono, alikandamiza kalamu mpaka daftari likachanika.

Siku hiyo aliyotumwa uzi, mwalimu wa hesabu alitoa zoezi, kisha akaitwa ofisini na kumwachia Sajenti darasa. Kimya kilitanda, isipokuwa kwenye dawati la tatu karibu na dirisha.

"Wewe, nyamaza," alisema Sajenti.

"Samahani, Sajenti." Kikokotoo aliinamia daftari lake. Haikuchukua muda midomo ikaanza tena, tisa mara sita, tisa mara saba.

Sajenti alimwendea. "Nimesema unyamaze. Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu. Najisemea tu."

Maneno hayo ndiyo yaliyowasha moto. Sajenti alinyakua rula kubwa ya ubaoni, ile ya mbao, akampiga nayo usoni. Damu ilichuruzika kutoka juu ya jicho la Kikokotoo hadi kwenye daftari. Darasa zima lilipigwa na butwaa, na aliyeshangaa kuliko wote ni Sajenti mwenyewe. Aliitazama rula mkononi mwake asijue imefikaje pale.

Ofisini, mwalimu mkuu alimwuliza sababu.

"Alinitukana," alisema Sajenti.

"Tusi gani?"

Wanafunzi walipoulizwa, wote walisema hawakusikia tusi lolote. Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. Alimwita mama yake kutoka kwenye cherehani, akamweleza yaliyotokea.

"Mama, mtoto huyu namjua tangu darasa la kwanza," alisema. "Huyu aliyempiga mwenzake leo simjui. Ukiranja nimemvua. Kuhusu kumsimamisha masomo, sitaamua kabla hajaonana na mshauri wa afya ya akili pale kituo cha afya."

Sajenti aliposikia "afya ya akili", alirudi nyuma hatua moja. Kusimamishwa masomo hakukumtisha hata kidogo. Aliogopa ule mlango wa mshauri. Baba naye alipelekwa kwa watu wa afya ya akili, na mpaka leo hajarudi.

Njiani mama alitembea mbele bila kugeuka. "Ukiulizwa habari za baba, unajua la kusema," alimkumbusha.

Chumba cha mshauri kilikuwa mwisho wa korido, jirani na dirisha la dawa. Kilikuwa na viti vitatu vya plastiki, kabati la chuma, na meza iliyowekewa kadibodi chini ya mguu mmoja ili isiyumbe. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya mtu asiye na haraka.

"Shikamoo," alisema Sajenti.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni mkae."

Mama alianza kujibu kabla hata ya kuulizwa. Mtoto hana neno, ni hasira za umri tu. Anakula vizuri. Analala vizuri. Nyumbani hakuna tatizo.

"Na baba yake?" aliuliza mshauri.

"Amesafiri kikazi."

Mshauri alimtazama Sajenti, ambaye wakati huo alikuwa akiikagua sakafu kana kwamba ameambiwa aipige deki. Akamwomba mama asubiri nje kwa muda.

Walipobaki wawili, mshauri alisogeza kiti karibu. "Leo sitoi sindano wala adhabu," alisema. "Nafanya tathmini. Nataka nikufahamu. Kinachokuelemea ni nini, unajikinga nacho vipi, na una nguvu gani za kukibeba. Utakayoniambia yatabaki hapa. Nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini, hapo ndipo nitamwambia anayeweza kusaidia. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Unalala vizuri?"

"Ndiyo."

"Chakula?"

"Ndiyo."

"Marafiki?"

"Ndiyo."

Alijibu wima, kama askari mbele ya mkubwa wake. Mshauri hakumsukuma. Alisimama ili atoe karatasi kabatini, akakuta limefungwa, akaanza kutafuta funguo. "Nyie funguo, niliwaweka wapi?" alisema kwa sauti ya chini, akipekua mkoba. "Kwenye mkoba hamna. Droo ya juu hamna. Au niliwaacha maabara..."

"Unaongea na nani?"

Mshauri aligeuka. Mtoto alikuwa amesimama, mgongo umegusa ukuta, uso umempauka. Kiti chake kilikuwa kimeanguka. Mshauri aliachana na funguo, akarudi kukaa polepole.

"Nilikuwa naongea na mimi mwenyewe," alisema. "Imekutisha."

"Sijatishika."

"Umesimama, mwanangu."

Sajenti alijitazama miguu. Hakujua kwamba amesimama.

"Yule mwenzako alikuwa anafanya nini ulipompiga?" aliuliza mshauri.

"Alikuwa anajisemea."

"Kuna mtu mwingine unayemjua anayejisemea?"

Hapo midomo iliyobanwa kwa miezi yote ile ilifunguka. Sajenti alilia, akalia kwa kwikwi, na mshauri alimwacha alie. "Baba," alisema mwishowe. "Hakusafiri. Walimchukua. Na mimi nimeanza. Nilikuwa naosha vyombo, nikajikuta najisemea kama yeye. Sasa mtanichukua na mimi?"

Mshauri hakucheka, wala hakumpoza kwa maneno matamu. Alimwuliza, "Ulikuwa unasema nini?"

"Vikombe kwanza, halafu sahani, halafu sufuria."

"Kwa sauti ya nani?"

"Yangu."

"Kuna sauti unayoisikia ambayo watu wengine hawaisikii?"

Sajenti alifikiri. "Hapana."

"Ukitaka kunyamaza, unaweza?"

"Naweza. Tangu siku ile nimenyamaza."

"Hilo nimeliona," alisema mshauri, akatabasamu kidogo. "Sikiliza. Kujisemea hivyo hata mimi najisemea, na funguo bado sijazipata. Ugonjwa wa baba ni kitu kingine, na hakuna mtu atakayekuchukua."

Alisubiri mpaka pumzi za mtoto zitulie, ndipo akaendelea. "Akili ya mtu hujikinga, kama mkono unavyojivuta ukigusa sufuria ya moto. Wewe ulipata hofu kubwa, ukaambiwa uifiche. Ukaifukia. Juu yake ukaweka usafi, ukali na ukimya, ili pasionekane kitu. Lakini hofu iliyofukiwa haifi. Ulipomsikia mwenzako, ukaona kwake kile unachokiogopa kwako, ukampiga yeye."

Sajenti aliinamisha kichwa.

"Kujikinga si kosa," alisema mshauri. "Kumpasua mwenzako ni kosa, na kusema alikutukana ni kosa la pili. Hayo ni yako, utayabeba. Ila nimeziona na nguvu zako. Unajua kipi kimetokea na kipi umekitunga. Na umemwambia kweli mtu usiyemjua, jambo ambalo watu wazima wengi linawashinda. Sasa mama yuko nje. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?"

"Nitamwambia mimi."

Mama aliingia, akakaa kwenye ncha ya kiti. Sajenti alimgeukia. "Mama, siku ile nilichungulia dirishani. Baba hakusafiri."

"Mwanangu, si tulikubaliana kwamba..." Mama hakumaliza. Alimtazama mshauri, akamtazama mtoto wake, uso umevimba kwa kilio. "Nilidhani nikikuficha utalala usingizi," alisema huku machozi yakimtoka. "Kumbe nilikuacha peke yako na jambo hili. Nisamehe. Na mimi niliogopa. Niliogopa watu watasema nini, mpaka nikaanza kuuamini uongo wangu mwenyewe."

Kesho yake, kabla ya kipindi cha kwanza, Sajenti alimfuata Kikokotoo kwenye dawati lake. Mwenzake alikuwa na bandeji juu ya jicho.

"Hukunitukana. Nilidanganya," alisema Sajenti mbele ya darasa zima. "Baba yangu anaumwa, na ugonjwa wake unamfanya ajisemee. Nikikusikia wewe, nilikuwa naogopa. Lakini hiyo si sababu ya kukupiga. Naomba unisamehe."

Kikokotoo aligusa bandeji. "Bado panauma."

"Najua."

"Nimekusikia. Ila kwa sasa kaa mbali na mimi kwanza."

"Sawa," alisema Sajenti, akarudi mahali pake. Hakusimamishwa masomo, lakini ukiranja haukurudi. Zoezi la hesabu lilipoanza, mnong'ono ulisikika tena karibu na dirisha. Alijikuta amekandamiza kalamu kama kawaida. Aliilegeza, akavuta pumzi jinsi mshauri alivyomfundisha kabla hawajaagana, akaendelea kuandika.

Siku ya kuona wagonjwa ilipofika, mama alifunga cherehani mapema, wakaenda hospitalini pamoja. Baba alikuwa kwenye benchi uani, amekonda, shati limempwaya. Dawa zilimfanya aongee taratibu. Sajenti alisimama mbali, hajui amkimbilie au amkimbie.

"Nasikia nilisafiri," alisema baba. "Basi mtanisamehe, nimerudi bila zawadi."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Sajenti alisogea, akakaa kando ya baba, bega kwa bega. Kisha aliuliza lile swali ambalo hakuthubutu kumwuliza hata mshauri.

"Baba, na mimi nitaugua?"

Mama alishtuka, lakini baba alimpungia mkono amwache. "Sijui," alisema. "Daktari anasema si lazima, watoto wengi wa watu kama mimi hawaugui. Lakini ngoja nikuambie kilichoniponza. Nilianza kusikia mambo ya ajabu siku nyingi kabla ninyi hamjajua. Nikiwa juu ya ngazi napaka rangi, nasikia naitwa, na nikigeuka hakuna mtu. Niliona aibu. Nilisema nikiwaambia watu, wataniita mwendawazimu. Nikanyamaza mpaka nikashindwa hata kula. Mtu akiumwa jino anasema, akiumwa tumbo anasema. Akili nayo ikiuma, inasemwa vilevile, mapema, kwa mtu unayemwamini. Kuumwa si aibu, binti yangu. Mimi nilipotezwa na kuficha."

Alipumzika kidogo, kwa maana maneno mengi yalimchosha. Halafu akamgeukia.

"Siku ukiona mambo hayaendi sawa humo kichwani, utaniambia?"

"Na wewe utaniambia?" aliuliza Sajenti.

Baba aliangalia mikono yake, ambayo rangi ilikuwa imeshatoka yote kwenye kucha. "Nitakuambia," alisema.

"Na mimi nitakuambia."