Pazia la Daktari wa Meno

Cherehani ya mama ililia tangu asubuhi, na kila ilipolia binti yake mkubwa aliijibu kwa msonyo. Chai ikiwa ya moto, alisonya. Ikipoa, alisonya pia. Ndiyo maana nyumbani walimwita Msonyo, na jina hilo lilimkaa kuliko nguo yoyote aliyowahi kushonewa.

Jioni hiyo familia ingekwenda mjini kutazama taa za sikukuu, kama ilivyofanya kila mwaka. Na kama kila mwaka, mama alikuwa amewashonea wote sare kutokana na mabaki ya vitambaa vya wateja. Safari hii kilikuwa kitambaa cha mapazia, cha njano kali, chenye maua mekundu makubwa kama sahani.

"Mama, hili si gauni. Hili ni dirisha," Msonyo alisema, midomo ameibinua.

"Basi utavaa dirisha," mama alijibu bila kuinua macho. "Mji utafurika watu. Nikigeuza shingo nataka nimwone kila mtu wangu."

Baba, mwoka mikate, alikuwa ameshavaa shati lake la maua na anajigeuzageuza mbele ya kioo. "Mbona mimi limenipendeza?" aliuliza. Msonyo alimpandisha na kumshusha kwa macho, akaona haya kwa niaba yake. Na huyo ni msichana ambaye hata shuka lake mwenyewe hajui kulikunja!

Lililomuuma zaidi hakulisema. Mapazia yale mama aliwashonea watu wa nyumbani kwa daktari wa meno, na binti wa daktari alisoma naye darasa moja. Msonyo alikuwa amemdanganya kwamba nguo zake zote hutumwa na shangazi yake aliye ng'ambo. Shangazi mwenyewe aliuza mboga mtaa wa pili.

Basi wakati wa kutoka, Msonyo akavaa sweta zito juu ya gauni. Hakutosheka. Akamvalisha sweta la kijivu mdogo wake pia, kwa kuwa yeye ndiye angemshika mkono, na maua ya mtoto yangemfichua. Mtoto huyo walimwita Kifungo, maana alikuwa mdogo, mviringo na mwepesi wa kupotea.

"Dada, nasikia joto," Kifungo alilalamika njiani.

"Nyamaza. Joto halimuui mtu."

Barabara kuu ilikuwa imepambwa kwa taa kutoka paa hadi paa, nyekundu, buluu na kijani. Watu walizitazama vinywa wazi. Msonyo hakuona hata moja, kwa sababu macho yake yalikuwa yakimsaka binti wa daktari. Mara akamwona anakuja. Aliuachia mkono wa Kifungo, akajibanza nyuma ya nguzo mpaka mwenzake akapita. Alipotoka, mtoto hayupo.

"Kifungo yuko wapi?" mama aliuliza, akitupa macho huku na huku. "Mbona sioni njano?"

"Amevaa sweta, mama. La kijivu. Mimi ndiye niliyemvalisha."

Mama alishika kichwa. Baba alikimbia kumtafuta mlinzi. Katika umati ule watoto wenye masweta ya kijivu walijaa tele, na kando tu magari yalikuwa yakipita kwa kasi. Kwa mawazo Msonyo alimwona Kifungo barabarani, katikati ya magari.

Hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, akakitumia kichwa kwa kazi yake. Kifungo haonekani, lakini anaona. Alivua sweta, akapanda juu ya benchi, akalitandaza gauni lake la maua kwa mikono yote miwili na kuita kwa sauti kubwa, "Kifungo! Kifungo!"

"Ala! Hilo si pazia la sebuleni kwetu?" sauti iliuliza kutoka chini. Alikuwa binti wa daktari. "Na shangazi wa ng'ambo je?"

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Hakuna shangazi wa ng'ambo," Msonyo alisema huku machozi yakimtoka. "Ndiyo, ni pazia la kwenu. Umemwona mtoto mdogo anayelia?"

Kabla hajajibiwa, kitu kidogo cha mviringo kilijipenyeza kati ya miguu ya watu. "Dada dirisha!" Kifungo alilia, akamkumbatia miguu.

Mama alimvua mtoto sweta lililolowa jasho, akamkumbatia kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Nisamehe, mama. Niliogopa kuchekwa."

"Na umechekwa. Umekufa?"

"Hapana, mama."

"Mimi siwashonei mpendeze tu. Nawashonea niwaone. Ukiwaficha watu wako ili wengine wasikucheke, siku ukiwahitaji usishangae ukiwakosa. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa, na wewe mwanangu umekubali kuwa mtumwa wa pazia." Akamfuta machozi kwa upindo wa gauni lake la maua. "Haya, mshike mwenzio mkono, twende. Hata taa hatujaziona bado."

Msonyo alitaka kusonya, kwa mazoea tu. Akaumeza msonyo wake, akamshika Kifungo mkono.