Hadithi Isiyotajiwa Mwenyewe

Karatasi ya majaribio ya makala mpya ilinuka mawese. Hippolyte aliinusa, akanawa mikono, akainusa tena. Katika chumba cha uchapaji cha jarida lao dogo, pale Kasongo, hapakuwa na chakula. Na tangu mkewe Sidonie afariki, hata nyumbani kwake hakuna aliyepika kwa mawese.

Makala ilikuwa ya Zéphirin, mwalimu mwenzake: hadithi ya mwanamke aliyeolewa na mto. Kazi ya Hippolyte ilikuwa kuzuia mtu asichapishe maneno ya mwingine kama yake. Maneno ya makala hii aliyajua yote. Sidonie aliyasimulia jikoni, Zéphirin akiwa mgeni wao. Kwa Wamaza, watu wa kwao Sidonie, msimulizi humtaja kwanza aliyempa hadithi. Marehemu asipotajwa, humwandama msimulizi mpaka atajwe. Juu ya makala palikuwa na jina la Zéphirin tu.

Aliazimia kuikataa. Lakini alasiri hiyo, mvua ikinyesha, Zéphirin alikuja mwenyewe, amejifunga kitambaa mdomoni, na harufu ya mawese ikaingia pamoja naye. Alipokifungua, sauti iliyotoka ilikuwa ya Sidonie, pamoja na kile kikohozi chake kidogo kabla ya kusema.

"Kaka, niliiba. Darasani watoto wananikimbia. Mke wangu amerudi kwao. Mwalimu Kassimu, yule mganga wa Nyangwe, amenisomea Kurani, sauti hii haitoki. Anasema dawa iko kwako: weka jina la Sidonie, uchape."

Hippolyte alianza kupanga herufi za risasi, S, kisha I, kisha D, na kadiri jina lilivyokaribia kutimia ndivyo vidole vilivyomwia vizito, kwa kuwa alijua kwamba karatasi ikishatoka sauti ile haitasikika tena, si hapa, si jikoni, si kitandani ambako kila alfajiri alinyoosha mkono akagusa ubaridi. Akazirudisha herufi sandukuni, moja moja.

"Wino umekwisha," alisema taratibu. "Utarudi kesho. Sasa kaa, unisimulie."

Zéphirin alitazama kopo la wino, limejaa mpaka ukingoni.

"Kaka, nakuomba."

"Simulia."

Machozi yalimtiririka Zéphirin. Lakini kinywa chake kilicheka kidogo, kama mke aliyemfuma mumewe akidanganya, kikakohoa, kikaanza.