Mgeni wa Uvunguni

Kisa hiki alinisimulia fundi cherehani wa mtaani kwetu, mwezi uliopita, huku akinipunguzia gauni. Yalimkuta akiwa msichana wa miaka kumi na miwili.

Baba yake alikuwa mlinzi wa usiku, mwenye bunduki ya leseni. Sheria ilimtaka aifungie kwenye sanduku la chuma na risasi aziweke kando. Sanduku alikuwa nalo, ila kufuli lilishika kutu, na kila siku alisema atanunua jingine kesho. Basi akirudi asubuhi aliisukumia bunduki uvunguni mwa kitanda, risasi zikiwa ndani. Ili watoto wasiropoke shuleni, nyumbani iliitwa "mgeni".

"Tulieni, mgeni amelala," baba alizoea kusema.

Asubuhi moja mama alikuwa kazini, baba anakoroma, msichana anaosha vyombo. Mdogo wake wa miaka minne akapita na kikombe.

"Wapi na chai, bwana mkubwa?"

"Nampelekea mgeni. Hajanywa tangu juzi."

Dada akacheka. "Mwambie sukari imeisha."

Alikuwa anasuuza sahani ya mwisho nyumba ilipotikisika kwa mlio. Alimkuta mdogo wake ameketi kwenye chai iliyomwagika, damu ikimchuruzika sikioni. Alikuwa amemvuta mgeni kwa mtutu ili aamke, kifyatulio kikanasa kwenye mguu wa kitanda. Risasi ilipita kando ya kichwa chake, ikatoboa mlango.

Hospitalini daktari alisema mtoto ataishi, lakini sikio la kulia halitasikia tena. Askari polisi, mwanamke wa makamo, akafungua daftari.

"Ilikuwa imefungiwa, afande," baba alisema, akimtazama binti yake amuunge mkono.

Msichana akawaza. Akisema kweli, baba atashtakiwa. Akinyamaza, bunduki itarudi uvunguni.

"Hapana, afande. Kufuli ni bovu. Baba huiweka uvunguni, na risasi zake."

Baba akainamisha kichwa. "Mtoto kasema kweli."

Askari akachukua leseni, akaagiza na bunduki ichukuliwe, akampa baba tarehe ya kufika mahakamani.

"Wewe uliificha, mzee. Sheria ilitaka uifunge. Mwenye silaha ana jukumu nayo hata akiwa usingizini." Akamgeukia msichana. "Umemlinda mdogo wako, mwanangu, ingawa leo hutaona hivyo."

Siku ya tatu mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani. Usiku huo, mtoto akiwa kitandani, baba akamnong'oneza neno, mtoto hakugeuka. Baba akazunguka upande wa pili wa kitanda, akalirudia.

"Nisamehe."

Mtoto akaitikia kwa kichwa, akalala. Dada naye akasinzia miguuni pake. Baba, ambaye sasa hakuwa na kazi ya kukeshea, alikaa sakafuni akiutazama ule mlango uliotobolewa na risasi, hadi usingizi ukamwelemea.