Mitende Miwili ya Mejumaa

Kila asubuhi, kabla ya kukaanga mahamri ya kuuza, Mejumaa alitoka uani kutazama mitende yake miwili. Ua wa nyumba ile ya mtaa wa Kibokoni ulikuwa mdogo, lakini mitende haikukosa mahali. Mmoja ulikuwa wa Sheikhan, mwanawe wa kwanza. Wa pili ulikuwa wa Mwanamisi, bintiye. Kila alipozaliwa mtoto, marehemu bibi yao alikata chipukizi ubavuni mwa mtende wake mwenyewe, akalipanda kwa jina la mtoto.

Bibi alikufa mwezi ule ule mtende wake ulipokauka. Watu wakasema ndivyo ilivyo: mti ukienda, na mwenyewe huenda. Mejumaa akaamini. Nani asingeamini, naye aliona kwa macho yake?

Basi mwaka wa 1998, baada ya masika, mtende wa Sheikhan ukaanza kuoza moyo. Mejumaa akashika panga, akakata makuti mabovu. Kisha, kwa panga lile lile, akaupunguza na mtende wa Mwanamisi, ili ubaya usiufikie.

"Leo usiende kazini, mwanangu," alimwambia Sheikhan, aliyekuwa kuli bandarini. "Huko vitu vizito vinaning'inia juu ya vichwa vya watu."

"Nisipokwenda tutakula nini, mama?"

"Tutakula mahamri."

Sheikhan akacheka, lakini siku ile bandarini alitembea akitazama juu.

Mtende wake ukafa. Baadaye kidogo, makuti ya mtende wa Mwanamisi yakaanza kugeuka manjano. Mwanamisi mwenyewe alikuwa mja mzito, karibu kujifungua. Kliniki walimwambia presha yake imepanda, na lazima azalie hospitali. Alipoona yale manjano, aliketi barazani.

"Siendi hospitali," alisema. "Kama ni kufa, nifie kwetu."

Mamake naye hakumhimiza. Aliogopa vile vile.

Wakati huo ndipo Kache Mung'aro alipopiga hodi. Kache alikuwa mtafiti wa mimea. Kabla ya masika alipita nyumba kwa nyumba akiomba vipande vya majani ya mitende. Mejumaa alimpa kwa shingo upande, maana jani la mtoto wake si kitu cha kumpa kila mtu.

"Nimeleta majibu, Bi Mejumaa," alisema, akatoa picha nyeusi yenye mistari myeupe. "Ndani ya kila kiumbe mna DNA, yaani maagizo ya jinsi atakavyokuwa. Maabara tunatafuta alama zake. Hii mistari ndiyo alama. Hapa ni mtende wa Sheikhan. Hapa ni wa Mwanamisi."

Mejumaa akatazama. "Mbona ni sawasawa?"

"Alama zote tulizopima zimelingana. Chipukizi ni kipande cha mti mamake. Miti hii yote ni mti ule ule wa bibi. Sasa tazama huu wa mtaa wa Makadara, ulioota kwa kokwa."

Mistari ya mtende wa Makadara ilikuwa tofauti kabisa.

"Kwa hivyo ugonjwa uliouweza mmoja, huuweza na mwenziwe," Kache alisema. "Mitende ikiwa ya aina nyingi, mmoja ukiugua huenda mwingine ukasimama." Akayagusa makovu ya makuti. "Uliikata kwa panga gani?"

"Hilo hapo."

"Ulilisafisha?"

"Nililifuta kwa kitambaa."

Kache akatikisa kichwa polepole. "Ni kuvu hili. Panga lisilopitishwa motoni ndilo lililolibeba."

Mejumaa akalitazama panga. "Basi mimi ndiye niliyemuua mwanangu."

"Umeua mti, Bi Mejumaa. Watoto hawakuchipuka ubavuni mwako. Kila mmoja ana maagizo yake aliyoyachukua kwako na kwa babake. Mitende ni mmoja, watoto ni wawili."

"Na bibi?" Mwanamisi akauliza kutoka mlangoni.

"Bibi alikuwa na umri gani?"

"Tisini na ushei."

Mwanamisi akaangua kicheko kidogo, kisha akalia.

"Mtende huu hauponi tena," Kache alisema. "Ung'oeni pamoja na ule uliokufa, muichome, kuvu lisiende kwa majirani."

Kuukata mtende wa mja mzito? Mejumaa alisema hataki, hawezi, asiambiwe tena. Ni Sheikhan aliyeshika shoka.

"Wangu umekufa, mama, na jana nimebeba magunia," alisema. Lakini hakuliinua bado. "Mwanamisi, niukate?"

Mwanamisi akashika tumbo. "Kata. Mimi nitasimama hapa nitazame."

Kila shoka lilipogonga, Mejumaa alifumba macho. Mtende ukaanguka. Alipofumbua, bintiye alikuwa amesimama pale pale.

"Nifungieni nguo zangu," Mwanamisi alisema. "Nakwenda hospitali."

Presha yake ilipanda sana siku ya kujifungua, na madaktari walihangaika naye. Lakini walikuwapo. Alirudi Kibokoni na mtoto wa kike, Rehema.

Kache akamletea Rehema chipukizi la mtende wa Makadara, na la mtende mwingine wenye alama tofauti. Waliyapanda mbali na mashimo ya zamani.

Asubuhi moja, Mejumaa aliona kuti moja la manjano kwenye mmoja wa mitende ya Rehema. Miguu ikageuka yenyewe kuelekea chumbani alikolala mtoto. Akasimama. Kisha akaenda jikoni, akawasha moto, akaliweka panga juu yake.