Maneno ya Ukutani

Kila alipotoka shule, Kiberenge alipitia buchani kwa baba yake. Kazi yake ilikuwa kufagia, kumwaga maji sakafuni na kusugua gogo la kukatia nyama kwa chumvi. Jina la Kiberenge, kile kigari cha relini, alipewa na bibi yake, maana mtoto huyo hakujua kutulia. Alifagia huku anarukaruka, alisugua huku miguu inacheza, na akitumwa alikwenda mbio hata kama hakuna haraka. Ukutani, juu ya mizani, baba yake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NYAMA NDIYO NGUVU.

Muhula huo alihangaika kuliko kawaida. Mwalimu wa michezo alikuwa anachagua wasichana wanne wa mbio za kupokezana vijiti, na Kiberenge alitaka kukimbia wa mwisho, yule anayekata utepe watu wakipiga kelele. Nafasi hiyo ilikuwa ya Twiga, jirani yake darasani, msichana mwenye miguu mirefu isiyokwisha.

Ndipo kaka yake akamwonyesha kwenye simu mtu mmoja mwenye kifua kama mlango. Mtu huyo alisema hali kitu ila nyama. Mboga, matunda, maharage na nafaka alivitupa, na sasa hachoki wala haugui.

"Ni kweli haya?" Kiberenge aliuliza.

"Si unakiona kifua?" kaka alijibu. "Kwani baba naye ameandika nini ukutani?"

Kiberenge hakuhitaji kusikia zaidi.

Pale buchani, vipande vya pembeni visivyouzika viliwekwa kwenye beseni la bluu, na mtu wa nyumbani alichukua bila kuuliza. Kiberenge akawa anachukua, anachoma kwenye jiko la nyuma, anakula mpaka mdomo unang'aa. Jioni nyumbani, mama akigeuka tu, maharage na mboga vilihamia sahani ya mdogo wake. Mtoto huyo walimwita Meya kwa ajili ya kitambi chake, naye hakuwahi kuuliza kwa nini amebahatika.

Siku za mwanzo Kiberenge alijiona bingwa. Kisha choo kikakataa. Alichuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, akatoka kama alivyoingia. Tumbo likawa gumu kama ngoma. Usiku misuli ya miguu ilimkaza, akageuka huku na huku mpaka dada yake aliyelala naye kitanda kimoja akamsukuma ukutani. Zamani alihangaika kwa furaha. Sasa alihangaika kama mtu aliyekalia siafu.

"Wewe, leo umekula soksi?" Twiga alimuuliza darasani akijiziba pua.

"Kula zako mboga, utaona Jumamosi," Kiberenge alijibu. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mashindano.

Alhamisi, kwenye mazoezi, alianza vizuri. Alipofika kwenye kona tumbo likamkata, kichwa kikamzunguka, kijiti kikamtoka mkononi. Akakaa chini katikati ya uwanja. Mwalimu alimpeleka zahanati ya jirani. Alimwita mama yake.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alikuja zahanati na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye mikono ya moto, alimlaza Kiberenge kitandani akamminya tumbo.

"Unakula nini, mwanangu?"

Kiberenge alifikiri upesi. Akisema, atakatazwa nyama, na akikatazwa nyama, mbio zimekwenda.

"Kila kitu," alisema.

"Anakula vizuri, muuguzi," mama aliongeza. "Sahani yake inarudi nyeupe."

"Mboga? Matunda?"

"Vyote."

Muuguzi alitikisa kichwa. "Basi hapa sielewi. Mtoto anayekula hivyo hapati tumbo la namna hii, nami siwezi kubahatisha. Kesho mpeleke hospitali kubwa, wampige picha wajue kuna nini humo ndani."

 Mama alishika ile futi akaanza kuizungusha kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena.

"Babu yake alianza hivi hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Tumbo. Sisi tukasema litapita."

Kiberenge aliutazama mkono wa mama ukizungusha na kufungua. 

"Mama," alisema, "mimi nakula nyama tu."

"Nyama tu? Na sahani?"

"Meya."

"Ndiyo maana!" mama alisema. "Mtoto anavimba kama andazi, nami najisifu nimepika vizuri!" Alicheka, kisha akajifuta macho kwa futi.

Muuguzi hakucheka. "Sikiliza, binti. Nyama ni chakula kizuri, lakini haina nyuzinyuzi za kusukuma choo. Hizo ziko kwenye mboga, matunda na maharage. Utakunywa maji mengi, nitakupa dawa ya kulainisha, na utakula kila kitu, siyo kwa mdomo wa Meya. Usipopata nafuu mtarudi. Na ungenificha, ningetafuta ugonjwa ambao haupo."

"Lakini yule mtu wa kwenye simu ana afya!"

"Alikuonyesha kifua. Choo chake alikuonyesha?"

Jumamosi Twiga alikata utepe. Kiberenge alikaa pembeni akishika viatu vya wenzake, miguu ikicheza peke yake. Ilimuuma kuliko tumbo. Lakini tumbo lenyewe lilikuwa limefunguka, na jioni alikula maharage yake mwenyewe, Meya akimtazama kwa huzuni kubwa.

"Mimi nashika nyama tangu asubuhi," baba alisema, akijipakulia mboga. "Umewahi kuniona nikiitafuta hapa mezani? Na yule ng'ombe mwenye misuli mpaka shoka linaruka, kala nini? Majani." Akamgeukia kaka. "Huyo mtu wako wa simu anauza nini?"

Kaka alijikuna shingo. "Vidonge vya maini."

"Haya. Na mimi nauza nyama."

Kesho yake baba alipanda juu ya kigoda na kopo la rangi nyekundu. Kiberenge alikishika kigoda kisiyumbe. Chini ya maneno ya zamani baba akaanza kuandika: KULA NA MBOGA.

"Utafunga bucha, mzee!" mteja mmoja alimtania.

"Acha niifunge. Niliandika maneno ya kuuzia, mwanangu akayafanya chakula." Baba aliinama akamtazama Kiberenge. "Mtu akikusifia kitu, uliza kwanza kama ndicho anachouza. Na ukiumwa, sema ulichokula, hata kama kitakukosesha mbio. Mbio zitakuja nyingine. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi tuliza hicho kigoda!"

"Nakituliza!" Kiberenge alijibu, lakini miguu yake ilikwishaanza kucheza. Ndiyo maana neno la mwisho pale ukutani limepinda mpaka leo.