Vua Miwani Nikuone

Siku ya kwanza Alute alilikumba tenga la Evodia katikati ya stendi ya Singida, kisha akawaomba radhi kuku badala ya mwenye kuku.

"Hao hawajui Kiswahili," Evodia alisema, akikaza kitenge chake cha njano. "Lete namba. Wakifa nikupigie."

Hawakufa. Alipiga hivyo hivyo.

Alute alikuwa anasomea fizikia chuoni Dodoma. Kazi yake ilikuwa kumulika unga wa fuwele kwa mwanga mkali usioonekana kwa macho.

"Ndani ya unga hakuna njia iliyonyooka, mpenzi. Mwanga unagongwa huku na huku, na kwa ule ukali wake, sehemu inatoka ya kijani."

"Kama abiria wa stendi!"

"Ila huyu anaingia haonekani, anatoka kavaa kijani."

"Muongo. Nionyeshe."

Akapiga simu ya video kutoka maabara. Evodia aliona kidoa cha kijani, na nyuma yake mtu kavaa miwani kubwa nyeusi.

"Umekuwa fundi wa kuchomelea? Vua miwani nikuone, baba."

Alute alicheka, akavua.

Miezi miwili baadaye alikuja Singida, shati jeupe limenyooshwa. Lakini kila Evodia alipoongea, macho ya Alute yalimwendea binti muuza juisi wa pembeni. Evodia aliona wivu.

"Kama unamtaka yeye, mfuate!"

Wiki tatu hakupokea simu zake. Ndipo Alute akaja mwenyewe kwenye kibanda cha Evodia, akajikwaa mchana kweupe kwenye madumu ya mafuta ya alizeti.

"Alute, huoni?"

"Nikikuangalia usoni, naona giza tu. Macho yameungua katikati. Daktari amesema hayaponi."

"Umeunguzwa na nini?"

"Ule mwanga. Sio wote unaogeuka kijani. Unaobaki hauonekani, na unga unautawanya kila upande."

"Lini?"

Alute aliinama kuyasimamisha madumu. Evodia akakumbuka kile kidoa cha kijani.

"Siku ile ya simu."

"Nilivua mwenyewe, Evodia."

"Nilikuomba mimi!"

"Ndiyo maana sikukwambia. Masomo nimeacha. Tafuta mwenye macho mazima, mama."

Evodia alilia kwa sauti, wateja wakitazama. Alute akageuza uso kuelekea barabarani, kana kwamba amechoka naye.

"Kitenge kile kile cha njano," alisema taratibu. "Kwa pembeni bado nakuona. Siku ile ya juisi nilikuwa nakuangalia wewe."

Evodia alivuta kigoda chake, akakiweka ubavuni kwa Alute, akakaa.