Mzizi Kwenye Kibuyu cha Harusi

"Mzizi umeng'olewa. Jani, fuata."

Eliane, aliyeitwa Jani redioni, aliisikia amri kwenye Motorola, akaipiga teke pikipiki yake ya Bajaj. Mbele, pikipiki nyekundu ilikuwa inatimua vumbi kutoka kambi ya Nakivale kwenda Mbarara, imebeba mizizi ya mahindi iliyoibwa asubuhi ile kwenye shamba la majaribio la wakimbizi.

Mizizi tu. Majani hayakuguswa.

Walijua wanachokitaka. Jani la mahindi lina protini yake ya kubeba elektroni, ya kufanya kazi juani; mzizi una yake, ya gizani. Hiyo ya mzizi ndiyo iliyoyastawisha mahindi haya kwenye udongo uliochoka. Mnunuzi wa kigeni akiipata ataisajili kwa jina lake, na wakulima wa kambini watauziwa jasho lao wenyewe.

Kwenye daraja la mto Rwizi aliikaribia ile pikipiki. Akakiona kibuyu cha maziwa mgongoni mwa dereva. Akakiona na kifuniko chake cha kusuka.

Alikisuka yeye.

"Jani, wewe naona nani? Ova." Alikuwa Kabanda, mkuu wake.

"Gasore." Aliendelea kumfuata. "Mchumba wangu."

"Pole, nyabo. Kamata yeye."

Nyamitanga, pembeni mwa mji, nyuma ya ghala, mgeni wa suti ya kijivu alisubiri na boksi la barafu. Alipokea kibuyu cha Gasore, akakifungua, akakunja uso. Harufu ya moshi. Mizizi ilikuwa imenyauka kwa joto.

"Nilikwambia barafu! Protini imekufa!"

"Kibuyu ya mama haiwekwe kitu bila kuifukiza," Gasore alijibu, ameduwaa. Kama mfugaji yeyote wa kwao, alikichomea nyasi kwanza, hata kwa kazi ya wizi.

"Mikono juu!" Eliane alitokea nyuma yao.

Mgeni alipeleka mkono kiunoni. Glock ya Eliane ilibweka mara moja. Bastola ya mgeni ikaanguka, naye akapiga magoti akishika bega.

Gasore hakukimbia.

"Eliane, balisema batatupeleka Canada, sisi wote mbili. Nilifanya juu ya weye."

"Ungeniuliza. Mimi nilitaka fasi yoyote, bora weye uko."

Alimfunga pingu huku analia, wala hakujificha. Moyo ulimuuma kuliko jeraha lolote alilowahi kupata kazini.

Polisi walipofika na kuwachukua wote wawili, Eliane alimwaga mizizi, akakifunika kibuyu. Ndicho kibuyu cha mama yake Gasore, ambacho angenyweshewa maziwa siku ya harusi.

"Kazi nzuri, Jani. Rudi ofisi. Ova."

Alizima redio, akavaa miwani ya jua, akawasha Bajaj. Ofisi ingengoja. Kwanza alikuwa na kibuyu cha kumrudishia mama mkwe.